Somo la Wiki ya Tisa

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kwanza unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana nimeiandika mara tatu na kila nikijaribu kuifupisha naona kama ninaficha kitu, na kuficha ndiko kulikonifikisha hapa nilipo. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na mitatu, nina stashahada ya uhazili na utunzaji wa kumbukumbu, na ni karani katika kiwanda cha kufua nguo, si duka la dobi, ni kiwanda hasa, tunafua mashuka ya hospitali na ya mahoteli, malori mawili asubuhi na mawili alasiri. Ofisi yangu iko juu ya ngazi ya chuma na ina dirisha la kioo linalotazama chini kwenye mashine, na kioo hicho huwa kimejaa mvuke kuanzia saa tatu asubuhi, kwa hiyo nikitaka kuwaona watu inabidi nikifute kwa kiganja.

Kazi yangu kubwa ni madaftari ya mafunzo. Labda wasomaji wako hawayajui, kwa hiyo naomba nieleze. Sheria imeweka kima cha chini cha mshahara, lakini inamruhusu mwajiri kumlipa mwanafunzi wa mafunzo kazini chini ya kima hicho, yaani posho tu, mradi awe anafundishwa kweli, kila wiki na somo lake, somo liandikwe kwenye daftari, mkufunzi asaini na mwanafunzi asaini, na yote yasizidi miezi sita. Pale kiwandani watu ishirini na sita wanasimama kwenye mashine, na kwa mujibu wa karatasi kumi na wanne kati yao ni wanafunzi. Mshauri, kazi ya kulisha mashuka kwenye mashine ya pasi inafundishika kwa siku nne, na hapo nimehesabu mpaka ile ya kuonyeshwa choo kilipo. Daftari lina wiki ishirini na nne. Miezi sita ikiisha, mtu yuleyule anafunguliwa daftari jipya, aliyekuwa mwanafunzi wa kufua anageuka mwanafunzi wa kukunja, kisha mwanafunzi wa kupiga pasi, na posho inabaki palepale.

Miezi mitatu iliyopita ofisi ya kazi ilileta barua kwamba itakuja kukagua. Siku ya Ijumaa meneja aliniwekea mezani madaftari kumi na manne matupu. Meneja wetu si mtu wa kufoka, laiti angekuwa anafoka ningekuwa na cha kumchukia, yeye huniita msomi na huniuliza hali ya mama. Akaniambia hayo ni mambo ya karatasi tu, hakuna mtu aliyewahi kuumizwa na karatasi, nijaze kila daftari hadi wiki ambayo mwenyewe amefikia. Nikajaza. Wiki ya kwanza niliandika kukunja shuka, ya pili kukunja shuka kubwa, ya tatu kukunja shuka la mpira, na nilipoishiwa niliandika marudio ya kukunja. Nilitumia kalamu tatu, ya buluu, nyeusi, na moja inayokatakata wino, ili ionekane kuwa yameandikwa kwa nyakati mbalimbali, na nilitengeneza rasimu kwanza kwenye karatasi kubwa, jina la kila mtu na somo la kila wiki, ili madaftari mawili yasifanane. Nilipoishiwa kabisa nilichukua kitabu cha maelekezo ya mashine kilichotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa meneja, nikatoa masomo humo. Niseme pia kwamba mimi mwenyewe ni mwanafunzi kwa karatasi, niko kwenye daftari langu la pili, na hilo nalo nililijaza mwenyewe, na wiki ya sita niliandika kuwa nimejifunza uaminifu katika kutunza kumbukumbu. Posho yangu inatosha kwenda kazini na kurudi, ndiyo maana shemeji, mume wa dada yangu ninayeishi kwao na kulala kwenye kochi la sebuleni, ananiita Bosi wa Nauli mbele ya wageni.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Kati ya wanafunzi hao kuna mama wa miaka arobaini na mmoja ambaye kiwanda kizima kinamwita Shangazi. Amepiga pasi majumbani mwa watu tangu akiwa msichana. Mkufunzi wake kwa karatasi ni fundi wa mashine, kijana wa rika langu, ambaye siku ya harusi yake aliunguza kola ya shati na aliyemtoa kwenye aibu hiyo alikuwa Shangazi. Huyo ndiye mwanafunzi wa kupiga pasi. Alikuwa amefikia daftari la tatu. Nilipomshushia daftari asaini aliniuliza kwa sauti, mbele ya wenzake wote, "Hivi mwanangu, mimi nitahitimu lini? Nyumbani wameanza kuniuliza joho liko wapi." Watu wakacheka mpaka fundi akacheka. Mimi nikageuza kurasa upesi nikamwambia asaini hapa na hapa na hapa, ni mahudhurio tu. Alisaini kwa kuniamini. Sikumpa muda wa kusoma.

Wiki tano zilizopita mkono wake wa kulia uliingia kwenye mashine ya pasi. Mashine hiyo ina mapipa mawili marefu ya moto yaliyolala sambamba, shuka linapita katikati, na pindo lilipojikunja alinyoosha mkono kulinyoosha na mapipa yakamvuta vidole. Fundi alikimbia hadi ukutani kuzima umeme, upande wa pili kabisa. Mbele ya mapipa kuna fimbo nyekundu, ukiisukuma mashine inasimama papo hapo, iko usawa wa kifua cha anayelisha mashuka, na mwaka mzima Shangazi alikuwa akitundika juu yake taulo lake dogo la kufutia jasho. Hakuna aliyewahi kumwambia ile fimbo ni ya nini. Vidole vitatu havikunji tena, na daktari amesema haitegemewi vikunje.

Kiwanda kimekataa kumlipa fidia. Barua ya kukataa niliichapa mimi. Inasema ajali ilitokana na uzembe wa mwanafunzi mwenyewe ambaye alikwisha kufundishwa, na imeambatanishwa na nakala ya ukurasa wa daftari lake, kwa mwandiko wangu, kalamu nyeusi: Wiki ya tisa, usalama, matumizi ya fimbo nyekundu ya kusimamisha mashine, mwanafunzi ameonyeshwa, amejaribu mara tatu, amefaulu. Chini yake kuna saini ya fundi na saini ya Shangazi. Mshauri, nililitoa somo hilo kwenye kile kitabu cha msumarini kwa sababu nilikuwa nimechoka kuandika kukunja. Mimi mwenyewe sikujua fimbo iko wapi hadi siku ya ajali.

Alhamisi iliyopita Shangazi alipanda ile ngazi, mkono umefungwa, ameshika ile nakala kwa mkono wa kushoto. Nilidhani amekuja kunitukana na nikasimama. Akaniambia nikae. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka karatasi mezani na kuinyoosha, akasema, "Mwanangu, wewe una kichwa cha shule. Hebu nisomee vizuri hapa nilifundishwa nini. Mimi sikumbuki hata kidogo, na sitaki kwenda kuaibika mbele ya afisa." Akaendelea, polepole, kama anayejisemea, kwamba bila shaka aliambiwa, maana saini ni yake, na wiki zile mwanawe wa mwisho alikuwa akiumwa na mawazo yake hayakuwa kazini, kwa hiyo kosa ni lake na mkono huu ameuunguza mwenyewe.

Nikamsomea. Hilo ndilo ninaloshindwa kumwambia mtu yeyote. Nikamsomea somo lote, na akaomba nirudie, na yeye akafuatisha kwa midomo, fimbo nyekundu, sukuma kwa kiganja, mashine itasimama, na alipokosea nikamsahihisha, tukafanya hivyo mara nne hadi akaweza mwenyewe. Akanishukuru. Akashuka ngazi akishikilia chuma kwa mkono wa kushoto.

Shauri lake litasikilizwa kwenye ofisi ya kazi Jumatano ijayo saa nne. Meneja ameniagiza niende na madaftari na nithibitishe kuwa yalijazwa kila wiki. Siku aliyoniagiza hayo alinionyesha barua yangu ya ajira, ya kudumu, mshahara kamili, imeshachapwa na jina langu, imebaki saini yake, na akasema tutaimaliza tukitoka huko. Nimemweleza dada yangu peke yake. Alilia kwanza, kisha akasema nichome ile rasimu, niseme nililoagizwa, nipate barua yangu, halafu nikianza kulipwa nimsaidie Shangazi kimyakimya kila mwezi. Amenikumbusha kuwa mama ameshawaambia majirani wote mwanawe yuko ofisini. Rasimu bado sijaichoma, iko ndani ya foronya ya mto wangu. Naogopa kufungwa, maana mwandiko ni wangu. Naogopa kukosa kazi. Nikimwona mtu yeyote amefunga bandeji njiani nabadilisha upande wa barabara. Je, nimfuate dada? Na nikisema ukweli, nimwambie nani kwanza, na nitasema nini?

Ni mimi,
Karani wa Juu ya Ngazi

*

MSHAURI ANAJIBU

Karani wa Juu ya Ngazi,

Barua yako imeruka foleni. Kuna bwana anayegombana na jirani yake kwa ajili ya ukuta, na binti mwenye wachumba wawili. Wanisamehe, wao wanaweza kungoja. Jumatano haingoji.

Pole, mwanangu. Nakupa pole kwa moyo wote, kwa sababu uliwekwa mahali pabaya na mtu mzima aliyejua anachofanya. Alikuita msomi ili umfanyie kazi ambayo yeye hakutaka mwandiko wake uonekane. Na wewe mwenyewe anakulipa posho kwa karatasi ileile. Nani amewahi kukufundisha kitu pale ofisini? Hakuna. Umekwisha kuwa karani kamili tangu wiki ya kwanza, na kwa hila hiyo umenyimwa mshahara wako kama walivyonyimwa wale walioko chini kwenye mvuke. Huo msamaha wa kima cha chini uliwekwa kwa ajili ya mtu anayejifunza, ili mwajiri asiogope kumpokea asiyejua kitu. Hapo kwenu umegeuzwa njia ya kumlipa mtu mwenye ujuzi wake kama mtoto wa shule.

Hapo naishia kukubembeleza, maana kuna mengine lazima uyasikie. Umenieleza zile kalamu tatu kwa fahari kidogo. Usibishe, nimesoma barua za watu kwa miaka mingi. Uliifanya kazi mbaya kwa ustadi na ustadi ukakufurahisha, ukasahau kwamba kila mstari ulikuwa na mtu. Kisha ukamharakisha mama wa watu asaini. Na Alhamisi ulipata nafasi ya kumwambia maneno mawili, badala yake ukafungua darasa. Siku ile ndipo somo la wiki ya tisa lilipofundishwa kwa mara ya kwanza, na mwalimu ulikuwa wewe. Sikuambii haya ili nikuumize. Nakuambia kwa sababu ya litakalotokea Jumatano usipofanya haraka.

Afisa atamuuliza Shangazi kama alifundishwa kutumia fimbo nyekundu. Naye, kwa uaminifu wake, atasema ndiyo, na ataonyesha jinsi ya kuisukuma, kama ulivyomfundisha. Akishasema hivyo kwa kinywa chake, ushahidi wako wa baadaye hautamsaidia sana. Atakuwa amejihukumu mwenyewe kwa maneno uliyomkaririsha wewe. Kwa hiyo swali lako la nani aambiwe kwanza lina jibu moja. Si afisa, si meneja, si mimi. Ni yeye.

Dada yako nampenda bila kumjua, maana amelia kabla ya kushauri. Lakini ushauri wake haufai. Unakutaka umpe Shangazi kwa siri, kidogokidogo, kutoka mfukoni mwako, kitu ambacho ni haki yake kupewa mchana kweupe na aliyemharibia mkono. Na utafanya hivyo kwa mshahara ulioupata kwa kumnyima. Hutamtazama usoni hata mwezi mmoja.

Nimemuuliza wakili ninayemwamini, bila kumtajia chochote cha kukutambulisha. Hakuniahidi kuwa hutaulizwa maswali magumu, nami sikuahidi. Lakini alisema hivi: aliyejaza kwa kuagizwa akajitokeza mwenyewe kabla ya shauri, na ana cha kuonyesha, hasimami mahali pamoja na aliyengoja kukamatwa, na hasimami kabisa mahali pamoja na aliyekwenda kuapa uongo mbele ya afisa. Hilo la mwisho bado hujalifanya. Usilifanye. Akaongeza kwamba daftari likionekana ni la uongo, Shangazi hakuwa mwanafunzi hata siku moja, ni mfanyakazi, na atadai fidia ya mfanyakazi pamoja na tofauti ya mshahara wa miezi yote aliyokatwa. Na wale wengine kumi na watatu vilevile. Na wewe.

Basi sikiliza. Rasimu usiichome. Itoe kwenye hiyo foronya, ipige picha, umpe dada yako nakala azitunze, na huo ndio msaada utakaomwomba. Andika maelezo yako kwa mkono, ukurasa mmoja usizidi: nani alikuagiza, siku gani, ulijaza nini, ulikitoa wapi, fimbo iko wapi na ilikuwa imetundikwa nini. Weka tarehe na saini. Usipambe, na usijitetee zaidi ya sentensi moja. Jumatatu asubuhi uyapeleke ofisi ya kazi wewe mwenyewe na nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Waambie unataka kuongea na afisa mwenye shauri kabla ya Jumatano. Ukiweza, pita kwanza chama cha wafanyakazi upate mtu wa kwenda naye. Meneja usimuage kwa hotuba. Usiibe daftari wala usifute mstari. Nenda kazini kama kawaida hadi watakapokuambia usije, na wakikuambia hivyo, waombe wakuandikie.

Kuhusu ile barua ya ajira, unaogopa kukosa kazi ambayo bado hujapewa, na bei yake umeshaonyeshwa. Mama atawaambia nini majirani, hilo ataliweza. Akina mama wameeleza makubwa zaidi ya hayo.

Lakini yote hayo ni ya Jumatatu. Leo ni Jumamosi, gazeti hili liko mkononi mwako, na Shangazi yuko nyumbani anarudia masomo. Muulize fundi Shangazi anakaa wapi, uende kwake leo. Usiende na zawadi. Usianze na hali yako, kwamba huli wala hulali, maana atakuhurumia na utamkubalia. Atakukaribisha, atakutafutia kiti kwa ule mkono wa kushoto. Usikae. Mwambie ukiwa umesimama: "Shangazi, hukusahau kitu. Hakuna aliyekufundisha. Lile somo niliandika mimi." Kisha umwache aseme lolote analotaka, kwa muda wowote anaotaka.

Akikufukuza, ondoka, na Jumatatu uende vilevile.